Laptopu ya Kushuka Nayo Bondeni: Kupima Prosesa kwa Kasi, Joto na Bei

Ukiwa Milepa, kwenye Bonde la Rukwa, na unataka laptopu, pesa yako itasafiri mbali kabla mashine haijakufikia. Wengine hupanda Sumbawanga kuinunua, wengine humtuma ndugu aliyeko Mbeya, wengine huagiza Kariakoo na kuipokea kwenye basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na hapo bado hujaanza kuteremka bondeni. Mashine ikigoma wiki ya pili, kuirudisha dukani ni nauli, ni siku na ni maneno mengi. Maswali yote ya maana, basi, huulizwa kabla ya kulipa.

Swali la kwanza liwe la prosesa. RAM unaweza kuongeza kwenye laptopu nyingi, diski unaweza kubadilisha, betri unaweza kununua nyingine. Prosesa ya laptopu za miaka hii imegandishwa kwenye bodi. Utakayonunua ndiyo utakayokaa nayo.

Msimamo wangu nautoa mapema: bondeni prosesa haipimwi kwa jina lililobandikwa karibu na kibodi. Hupimwa kwa kazi inayoweza kuendelea kuifanya saa nane mchana mwezi wa Oktoba, chini ya bati, kwa umeme mdogo. Ukilishika hilo, utaona kwa nini i7 ya zamani inaweza kuwa hasara na i5 ya bei karibu na hiyo ikawa faida.

Kwa nini Milepa si Sumbawanga

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Ukishuka mita 1,000, hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hadi 7 hivi. Anayeishi Milepa hahitaji kuambiwa: sweta uliyovaa asubuhi mjini unaivua njiani kabla hujafika Muze.

Laptopu nayo inaihisi tofauti hiyo. Feni haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye mapezi ya shaba au alumini yaliyobeba joto la prosesa. Hewa ikiingia na nyuzi 22, mashine inaanzia 22. Ikiingia na nyuzi 32, inaanzia 32. Chukua laptopu ambayo mjini, ikifanya kazi nzito, prosesa yake hufika nyuzi 88. Shuka nayo bondeni kwenye chumba chenye joto la nyuzi 10 zaidi na itakaribia 98. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo hujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na hapo ndipo utaona Excel inasita, kishale kinaganda na feni inapiga kelele kama ya mashine ya kukoboa.

Ufipa ina kero yake pia, ingawa ndogo. Kwenye mwinuko wa Sumbawanga hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 hadi 20 kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Ubaridi wa mjini unaifidia hasara hiyo. Bondeni hakuna cha kukufidia.

Umeme ndio jambo la pili. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya Taifa na ilitumia umeme unaotoka Zambia, na vijijini sola ndiyo imebeba nyumba nyingi. Prosesa inayovuta wati nyingi inakuumiza mara mbili, kwa kumaliza betri ya sola na kwa kugeuza karibu umeme wote huo kuwa joto.

Fikiria Fuso lililojaa mpunga likipanda kutoka bondeni kwenda Sumbawanga. Hakuna anayeuliza lilikimbia kiasi gani kwenye tambarare. Kinachoulizwa ni kama litafika juu bila kuchemsha. Namba ya gigahazi inayotangazwa dukani ni ile ya tambarare.

Jifunze kusoma jina lote

Muuzaji akikwambia "ni Core i5", bado hajakwambia kitu. Kuna i5 ya mwaka 2010 na i5 ya juzi, na kati yao kuna tofauti ya mbali sana. Unachotaka ni jina kamili, mfano Intel Core i5-8250U. Lisome hivi:

1. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi. Kwenye 8250U, 8 ni kizazi cha nane. Kwenye 6300U, 6 ni cha sita.
2. Kuanzia kizazi cha kumi, soma tarakimu mbili. i5-1035G1 ni cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja, i5-1235U ni cha kumi na mbili. Usidanganyike na ile 1 ya mwanzo. Kizazi cha kwanza halisi kilikuwa na tarakimu tatu tu, kama i5-520M, na hicho usikiguse.
3. Herufi ya mwisho inakwambia njaa yake ya umeme. U ni karibu wati 15. H na HQ ni wati 45 hivi. P ni 28. Y ni ya wati chache sana na kasi ndogo. M kwenye mashine za zamani mara nyingi ni wati 35.
4. i3, i5 na i7 ziangalie mwisho kabisa. Hutofautisha prosesa za kizazi kimoja na herufi moja. Kati ya vizazi tofauti hazina maana.

Mwishoni mwa 2023 Intel ilianza kuacha herufi ya i, kwa hiyo kwenye mashine mpya utakutana na Core Ultra 5 125U au Core 5 120U. Herufi ya mwisho bado inasomwa vilevile.

AMD, washindani wa Intel, nao wana mitego yao. Ryzen 5 3500U na Ryzen 5 5500U zote ni nzuri kwa rika lao. Ila tarakimu ya kwanza ya AMD haisemi ukweli wote: Ryzen 5 7520U, iliyotoka 2022, ina viini (cores) vya muundo wa Zen 2, muundo uleule wa 5500U, tena vinne badala ya sita. Kwenye mfululizo huo wa 7000, iangalie tarakimu ya tatu: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Mtu anaweza kulipia "elfu saba" akapata mashine inayozidiwa na "elfu tano".

Celeron, Pentium, Athlon na AMD A4, A6 au E2 ni daraja la chini. Baadhi zinafaa kuandika barua. Nyingi zitakuchosha.

> KISANDUKU: MPAKA WA KIZAZI CHA NANE
> Prosesa nyingi za U za Intel hadi kizazi cha saba zina viini viwili. Agosti 2017 kizazi cha nane kiliingia na viini vinne kwa wati zilezile 15. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua kubwa zaidi kwenye laptopu za bei ya kawaida.
> Kuna sababu ya pili. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa AMD, Ryzen ya 3000 kwenda juu ni salama. Mafundi wanajua njia za mkato za kuiweka Windows 11 kwenye mashine za zamani, lakini Microsoft haikuahidi kuzipa mashine hizo masasisho.

Kasi: namba za kulinganisha

Gigahazi peke yake haikusaidii kulinganisha. Core i7-7500U inafika gigahazi 3.5 na i5-8250U inafika 3.4, lakini ya kwanza ina viini viwili na ya pili vinne. Kipimo rahisi ni alama za PassMark, zinazokusanywa kutoka kwa watumiaji dunia nzima. Hubadilika kidogo kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo hapa nimezizungusha. Zitumie kama mizani ya sokoni, si ya dhahabu.

| Prosesa | Viini | Wati | Alama, takriban |
|---|---|---|---|
| Celeron N4020 | 2 | 6 | 1,500 |
| Core i5-4300U | 2 | 15 | 2,500 |
| Core i5-6300U | 2 | 15 | 3,200 |
| Core i7-7500U | 2 | 15 | 3,600 |
| Intel N100 | 4 | 6 | 5,500 |
| Core i5-8250U | 4 | 15 | 6,000 |
| Ryzen 5 3500U | 4 | 15 | 7,000 |
| Core i5-1135G7 | 4 | 12 hadi 28 | 10,000 |
| Ryzen 5 5500U | 6 | 15 | 13,000 |
| Core i5-1235U | 10 | 15 | 13,000 |

Tazama mstari wa N100, iliyotoka Januari 2023. Kwa wati 6 inakaribia i5-8250U yenye wati 15. Laptopu zenye N100 mara nyingi ni mpya na za bei nafuu, na kwa mtu wa sola zinastahili kuangaliwa. Kasoro zake ni kwamba nyingi zina RAM iliyogandishwa isiyoongezeka, na maganda yake huwa mepesi mno.

Zile wati kwenye jedwali nazo zisikulaze. Wati 15 za i5-8250U zimepimwa ikiwa kwenye kasi yake ya msingi, gigahazi 1.6. Inaporuka hadi 3.4 inavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi, kisha inarudi kadiri feni inavyoweza kuipoza. Laptopu mbili zenye prosesa ileile, moja ya biashara yenye bomba nene la kupozea na nyingine nyembamba ya maonyesho, zitapishana kasi baada ya dakika tano. Kwa hiyo ukiwa na chaguo, achana na nyembamba. Kwa mtumba, zile za maofisini kama ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude na EliteBook zina faida nyingine: fundi anaweza kuzifungua kwa bisibisi ya kawaida na vipuri vyake vinazunguka sokoni.

MacBook Air ya M1, ya Novemba 2020, naitaja kwa sababu utauliza. Haina feni kabisa, haipati joto sana, ina alama kama 14,000 na hutumia umeme kidogo. Kwa joto na kasi inazishinda nyingi zilizo kwenye jedwali. Lakini RAM yake haiongezeki, diski yake imegandishwa, na ikiharibika vipuri ni kazi kuvipata nje ya miji mikubwa. Kwa mtu wa Milepa ninasita kuipendekeza, labda uwe na mtu wa kuaminika Dar.

Thamani ya pesa: fanya hesabu hii

Bei hubadilika, kwa hiyo nakupa hesabu badala ya bei. Gawa bei kwa maelfu ya alama.

Mfano, na bei hizi ni za mfano tu: unaambiwa laptopu ya i7-7500U ni shilingi 350,000 na ya i5-8250U ni shilingi 450,000. Ya kwanza: 350,000 kwa 3.6 ni kama shilingi 97,000 kwa kila alama elfu. Ya pili: 450,000 kwa 6 ni shilingi 75,000. Ile "rahisi" ni ghali. Isitoshe, haimo kwenye orodha ya Windows 11.

Usiishie hapo, maana alama nyingi kupita mahitaji yako nazo ni pesa iliyolala. Mwalimu anayeandaa mitihani, mtendaji anayejaza mifumo ya Serikali, mhudumu wa zahanati: kazi zenu nyingi hufanyika ndani ya kivinjari, na kinachochelewesha mara nyingi ni mtandao. Prosesa ya alama 13,000 haiwezi kuufanya mnara wa simu uwe karibu zaidi. Kwa kazi hizo alama 5,000 hadi 7,000 zinatosha, na pesa iliyobaki iende kwenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Mashine ya i5-8250U yenye diski ya zamani inayozunguka itakuudhi kuliko N100 yenye SSD. Hili wauzaji hawalisemi, kwa sababu SSD haina stika ya kung'aa.

Hatua za dukani

Nenda na flashi yenye programu za kupima prosesa, CPU-Z na HWiNFO, zile zisizohitaji kuwekwa kwenye mashine. Zote ni za bure. Kisha:

1. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi. Mashine iliyokuwa tayari inawaka inaweza kuficha tatizo la kuwaka.
2. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, ingia "Performance", kisha "CPU". Soma jina kamili juu kulia, idadi ya viini na kasi ya msingi. Piga picha.
3. Thibitisha kwenye BIOS. Jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchezewa. Kwenye BIOS ni vigumu zaidi. Kwenye laptopu nyingi ni F2, F10 au F1 wakati inawaka. Stika ya nje isikusumbue kabisa, inauzwa kwa pakiti.
4. Angalia RAM na diski hapohapo kwenye "Performance". Uone "SSD" kwa macho yako.
5. Chomeka chaja, fungua HWiNFO usome joto ikiwa imetulia. Nyuzi 40 hadi 55 ni kawaida. Ikiwa imekaa bure na inasoma 75, kuna vumbi au pesti ya prosesa imekauka.
6. Itese. Kwenye CPU-Z, ukurasa wa "Bench", bonyeza "Stress CPU". Subiri dakika 15, na usikubali tatu. Dakika za mwanzo ni za kuruka. Unachotaka ni zile za mwisho.
7. Soma namba mbili mwishoni: joto na kasi. i5-8250U yenye feni safi hubaki juu ya gigahazi 2. Ikishuka chini ya 1.6, yaani chini ya kasi yake ya msingi, au ikizima yenyewe, iache au dai upunguziwe bei ya kuisafisha.
8. Kama jaribio limefanyika Sumbawanga, ongeza nyuzi 7 hadi 10 kwenye namba uliyoipata. Hiyo ndiyo Milepa. Iliyofika 85 mjini inakubalika. Iliyofika 95 mjini, bondeni itajipunguza kasi kila mchana.
9. Ripoti ya betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Chini ya asilimia 60, hesabu betri mpya kwenye bei.
10. Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, ikiwa na namba ya mashine. Dhamana ya mdomo haivuki Ntendo kushuka nawe bondeni.

> KISANDUKU: UJUMBE WA KUMTUMIA NDUGU ANAYEKUNUNULIA
> "Shikamoo kaka. Ukifika dukani naomba usiangalie stika. Waambie wafungue Task Manager, Performance, CPU, unipigie picha. Kisha picha ya RAM na ya diski. Waifanyie Stress dakika 15 ukiwa hapohapo, unitumie picha ya joto mwishoni. Nikishaona nitakutumia pesa muda huohuo. Ahsante kaka, wasalimie wote."

Makosa yanayorudiwa

Kununua H kwa sababu "ina nguvu". Ina nguvu kweli, lakini laptopu ya H yenye kadi ya picha, ikiwa kazini, inaweza kuvuta wati 80 hadi 100. Kwa mhariri wa video mwenye umeme wa TANESCO mjini na chumba chenye hewa, sawa. Bondeni kwenye sola ni mateso.

Kosa jingine ni kununua Celeron mpya ya viini viwili kwa sababu iko kwenye boksi. Upya hauongezi kasi. i5-8250U ya mtumba iliyopimwa vizuri ni mara nne ya N4020 ya dukani. Huko kwenye boksi pia ndiko hujificha diski za eMMC za GB 64, ambazo Windows yenyewe karibu inazijaza.

Halafu kuna wanaojaribu mashine asubuhi mjini kukiwa na baridi, wakafurahi kwamba haipati joto. Sumbawanga mwezi wa Juni kila laptopu ni nzuri.

Kwa kazi yako

*Mwalimu, mtendaji, mwanafunzi wa chuo:* i5-8250U au 8350U, au Ryzen 5 3500U, RAM GB 8, SSD. Kama nyumbani ni sola tupu, N100.

*Mwenye stesheneri* anayechapa, kutoa kopi, na kujazia watu maombi ya mikopo na ajira: i5-8250U inatosha, lakini RAM ipeleke GB 16, maana kivinjari chako kina kurasa za wateja watano kwa mpigo. Mashine itawaka kutwa, kwa hiyo chagua nene yenye matundu ya hewa pembeni, si chini tu.

*Mpiga video wa harusi na kwaya:* Ryzen 5 5500U, i5-1135G7 au i5-1235U, GB 16. Kazi za kutoa video zipange usiku. Usiku bondeni hewa hupungua joto na mashine humaliza mapema kuliko mchana, prosesa ikiwa ileile.

*Mwenye mashine ya zamani ya kizazi cha nne hadi cha saba tayari:* usiitupe. Weka SSD, RAM GB 8 na Linux Mint, itaendelea kukufaa kwa kuandika na mtandao. Ila usiende kununua nyingine kama hiyo leo.

Ukishafika nayo bondeni

Hapa kuna jambo moja la bure ambalo lina faida kuliko feni za kuwekea chini zinazouzwa. Kwenye Windows, ukiweka kikomo cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99, ile kasi ya kuruka huzimika. Unapoteza sehemu ya kasi, lakini joto hushuka sana, feni hunyamaza na betri hudumu. Kwa kuandika na Excel hutagundua.

1. Fungua "Control Panel", kisha "Power Options".
2. Chagua "Change plan settings", kisha "Change advanced power settings".
3. Fungua "Processor power management", kisha "Maximum processor state".
4. Andika 99 kwenye mistari yote miwili, ya betri na ya chaja. Hifadhi.

Baadhi ya laptopu mpya zimeficha kipengele hiki. Kwa hizo, nenda kwenye mpangilio wa umeme uchague hali ya kubana matumizi. Unapotaka kutoa video, rudisha 100.

Mengine ni ya mikono. Iweke mezani, si kitandani wala juu ya kanga, maana kitambaa huziba matundu ya chini. Inyanyue nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa. Vumbi la barabara ya Ntendo hadi Kilyamatundu wakati wa kiangazi huingia kila mahali, kwa hiyo mpe fundi aifungue na kuisafisha mara moja kila mwaka, baada ya kiangazi, na abadilishe pesti ya prosesa kila baada ya miaka miwili hivi. Ukipuliza mwenyewe, ishike feni kwa kijiti isizunguke, kwani kuizungusha kwa nguvu ya upepo huiharibu.

> TAHADHARI
> Betri iliyovimba, ikiinua kibodi au padi ya kugusa, isichajiwe tena. Usiitoboe, usiibonyeze irudi. Zima mashine, iweke mbali na vitu vya kuwaka, mpelekee fundi.
> Usiiache laptopu juani kwenye gari au imefungwa nyuma ya bodaboda mchana. Joto huua betri za lithiamu hata mashine ikiwa imezimwa.
> Kama laptopu yako inaruhusu kuweka kikomo cha chaji cha asilimia 80, kiweke.

Kwa sola, piga hesabu kabla ya kununua. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ili idumu unatumia nusu, yaani 600. Laptopu ya U kwa kazi za ofisi huvuta wati 15 hadi 20. Ukijumlisha upotevu wa inveta, ni kama 25. Saa tano ni wati-saa 125. Taa, simu na redio bado zina chao. Laptopu ya H ikifanya kazi nzito kwa saa hizohizo tano inaweza kula zaidi ya 450, na nyumba nzima ikalala gizani. Kwa mwenye LUKU hesabu ni nyepesi: wati 20 kwa saa tano kila siku ni uniti 3 tu kwa mwezi, kwa hiyo huko bili isikutishe. Hofia joto.

Orodha ya kukata na kwenda nayo

☐ Jina kamili la prosesa, limeonekana kwenye Task Manager na BIOS
☐ Intel kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen 3000 kwenda juu, au N100
☐ Kama si N100, herufi U, labda kama una umeme wa uhakika na kazi ya video
☐ Viini vinne au zaidi
☐ RAM GB 8, na nafasi ya kuongeza
☐ SSD, si eMMC wala diski ya kuzunguka
☐ Dakika 15 za Stress: joto lisizidi 85 mjini, kasi isishuke chini ya ya msingi
☐ Betri juu ya asilimia 60
☐ Bei gawa kwa maelfu ya alama, kwa kila laptopu uliyoonyeshwa
☐ Risiti ya EFD na dhamana ya maandishi

Kama unanunua kwa simu na huna mtu wa kumtuma, mwombe muuzaji picha mbili tu: ukurasa wa CPU wenye jina kamili, na joto baada ya dakika 15 za kuteswa. Atakayekataa kukutumia hizo, usimtumie pesa.